Nilianza na Jalada, Bibi Akanirudisha kwenye Uzi

Kitabu changu cha kwanza kilidumu siku 3. Jalada lake lilikuwa na chapa ya ua nililoliiga kwenye mlango wa nyumba ya jirani, wino wa buluu iliyokolea juu ya karatasi niliyoipaka rangi mwenyewe, na kila aliyekishika alikisifu. Siku ya nne nilikuwa sokoni Darajani, hapa Unguja, namwonyesha rafiki yangu. Alipokifungua katikati, mkunjo mzima wa karatasi ukachomoka, ukamwagika chini mbele ya watu. Tuliziokota moja moja. Zote zilikuwa zimechanika mahali pamoja, pale uzi ulipopita, kama zimepitishwa wembe.

Jalada lile lilinichukua mwezi mzima. Kushona nilishona kwa dakika 20, baada ya sala ya isha, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kumaliza.

Nilikipeleka nyumbani nikamwekea bibi mapajani. Bibi yangu ameshona kofia tangu mama hajazaliwa. Anashona za kiua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka kitambaa kizima kinageuka maua. Kofia moja nzuri humchukua miezi. Jalada hakulitazama. Alikigeuza kitabu mgongo juu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono, akaniuliza, "Uzi gani huu, mjukuu wangu?"

Nikamwambia ni mshipi wa kuvulia samaki. Niliununua kwa wavuvi wa Malindi, hapa hapa mjini, kwa sababu niliuvuta kwa nguvu zangu zote na haukukatika.

"Mshipi unamkata mvuvi mkono," akasema. "Karatasi itaponea wapi?"

Miaka 9 imepita tangu siku ile, na vitabu ndiyo kazi yangu: napiga chapa, napaka karatasi rangi, nashona kwa mkono. Najua vijana kadhaa hapa Unguja na huko Bara wameanza kuipenda kazi hii, na wengi wanaanza pale pale nilipoanzia mimi, kwenye uzuri wa nje. Siwalaumu. Hata mimi ni chapa ndiyo iliyonivuta.

Chapa yangu ya kwanza kabisa niliichonga kwenye soli ya kandambili iliyokatika mkanda. Soli ile ni laini, inakatika kwa kiwembe, na ukiigandisha kwenye kipande cha ubao unapata muhuri mzuri wa kupigia maua madogo. Tatizo lake haishiki mistari myembamba. Inabonyea, na ukipiga mara 50 pembe zinakuwa butu. Nikajaribu ubao. Mafundi wa milango walinipa vipande vya mninga vilivyobaki, nikaharibu patasi 2 na ngozi ya kiganja. Mninga unachongeka vizuri kwa fundi mwenye nyundo na miaka 20 ya kazi. Mimi nilikuwa nataka mstari mwembamba kama unywele.

Kilichonifaa ni linoliamu. Si ile plastiki ya kutandika sakafuni inayouzwa madukani siku hizi, bali linoliamu yenyewe, iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860 kwa mafuta ya mbegu za kitani na unga wa gome la koki, ikiwa imegandishwa kwenye kitambaa cha juti. Ilitengenezwa kwa ajili ya sakafu, lakini wachoraji waliigeuza ya kupigia chapa kwa sababu haina nyuzi: kisu kinakwenda upande wowote unaotaka. Ikiwa baridi ni ngumu na inamegeka. Mimi huianika juani dakika 10 kabla ya kuchonga. Inalainika, patasi inaingia kama kisu kwenye halua, na kinachochongwa kinatoka kimejiviringa kama mkia.

Kosa la herufi lazima nilitaje, maana kila anayeanza atalifanya. Nilichonga neno KARIBU kwa usiku 2, herufi nzuri za mapambo, nikalipaka wino, nikalipiga, likatoka limegeuka kama lililotazamwa kwenye kioo. Nilijua kwa akili kwamba chapa hugeuza. Mkono wangu ulikuwa haujui. Tangu hapo kila maandishi nayachora kwanza kwenye karatasi nyembamba ya kunakilia, naigeuza juu chini, ndipo nayahamishia kwenye linoliamu. Kwa herufi za Kiarabu naongeza hatua moja: naiweka linoliamu mbele ya kioo kabla ya kuanza kuchonga na kulisoma neno kwa sauti. Nukta moja ikikaa pasipo pake, neno limekuwa lingine.

Mtambo wa kukandamizia sina. Natandaza wino kwenye kioo kwa rola mpaka utando wake uwe mwembamba na usawa, na hapo masikio yanasaidia kuliko macho. Wino ukiwa mzito rola inatoa mlio wa kunata, mzito, kama mtu anatembea kwenye matope. Ukifika panapotakiwa mlio unakuwa mdogo na wa kasi, kama mafuta ya vitumbua yanapoanza kupata moto. Halafu napitisha rola kwenye linoliamu, nalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa upawa. Upawa wa kifuu cha nazi uliotumika jikoni miaka mingi umelainika vizuri. Una mviringo wake, hauchani karatasi, na kiganja kinausikia kila pahali wino unaposhika. Ninao wangu maalumu, na mtu akiutaka kuchotea mchuzi tunagombana.

Kukauka ni habari ya msimu. Wakati wa kaskazi chapa ya wino wa mafuta inakauka kwa siku 2 au 3. Wakati wa masika nimewahi kusubiri wiki nzima, na bado kidole kikatoka na rangi. Anayechukua oda ya mwezi wa nne aseme na mteja wake mapema.

Baada ya chapa nikaingia kwenye karatasi za mapambo. Nilikuwa nimeona ebru ya Waturuki, sanaa ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014: rangi zilizochanganywa na nyongo ya ng'ombe zinadondoshwa juu ya maji mazito, zinaelea, zinavutwa kwa sindano au kitana mpaka ziwe maua na mawimbi, kisha karatasi inalazwa juu na kuzibeba zote kwa mara moja. Maji yale huzitishwa kwa utomvu au kwa ute wa mwani. Niliposikia mwani, moyo ulinidunda. Sisi mwani ndio tunaoulima! Kina mama wa Paje na Jambiani wameufunga kwenye kamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, unakaushwa, unasafirishwa nje, huko unatolewa ute unaoitwa karajinani. Nikasema nitatengeneza karatasi za ebru kwa mwani wa nyumbani.

Nilinunua kilo 2 zilizokauka, nikaziosha chumvi, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cha kanga. Karatasi zangu nilikuwa nimeshazipaka maji ya shabu ili zishike rangi. Asubuhi nilipofunua beseni ute wote ulikuwa umeganda. Nilipodondosha rangi ilikaa pale pale kama tone la nta. Mama mmoja wa Paje nilipomsimulia alishangaa kwamba nashangaa; wao mwani ule ule wanautengenezea jeli ya kula. Baadaye ndipo nikafahamu kwamba ute wa mwani una aina zake: upo unaoganda, na huo ndio unaotoka kwa wingi kwenye mwani wetu, na upo unaoyafanya maji kuwa mazito tu bila kuganda, nao ndio wanaoutaka wenye ebru.

Nilisikitika kwa siku kadhaa. Kisha nikakumbuka tiara, vile vishada vya karatasi vya kurusha hewani. Utotoni tulikuwa tunazigandisha kwa wali uliobaki, au kwa uji wa muhogo mtu akitupikia, na ikishakauka karatasi ichanike kwingine kote lakini si pale. Uji ule ule, ukitiwa rangi, ni karatasi ya mapambo. Wazungu nao wamefanya hivi zamani. Mji wa Herrnhut nchini Ujerumani ulijulikana katika karne ya 18 kwa karatasi za uji wa rangi zilizotengenezwa na akina dada wa Kanisa la Moravian waliokuwa wakiishi pamoja katika nyumba yao. Kanisa hilo hilo ndilo lililofika Rungwe, huko Bara, mwaka 1891. Karatasi zao zilivika vitabu vingi vya wakati ule.

Napika hivi. Kikombe 1 cha wanga wa muhogo, vikombe 6 vya maji. Wanga nauvuruga kwanza kwa maji baridi kidogo, yaliyobaki nayachemsha, kisha namimina taratibu huku nakoroga mpaka weupe uondoke na uji uwe wa kung'aa, unaopitisha mwanga. Nauchuja ungali moto. Ukipoa nautia rangi ya maji iliyo nzito. Karatasi nailowesha kwa sponji, nailaza mezani bila kubakisha hewa chini yake, napaka uji wa rangi kwa brashi pana, ndipo nachora kwa kitana. Kitana changu cha mpingo cha kuchania nywele kinatoa mawimbi mapana. Vya mistari myembamba nakata mwenyewe kwenye kadi ya plastiki, meno 6 au 8, yasiyolingana. Unavuta mara moja kutoka ukingo hadi ukingo kwa mkono usiositasita. Ukisimama katikati, pale uliposimama pataonekana maisha yote ya karatasi ile. Usipopenda ulichochora, paka tena juu, futa, anza. Uji unasamehe kwa dakika 5 au 6 kabla haujaanza kukauka.

Basi nikawa na karatasi za kupendeza, na chapa za kupendeza, na hapo nikapata oda yangu kubwa ya kwanza: vitabu 40 vidogo vya kumbukumbu ya harusi. Nilifanya kazi usiku na mchana kwa wiki 5. Nilipokwenda kuvipakia kwenye boksi, siku 2 kabla ya harusi, majalada yalikuwa yamejipinda kama ng'onda juani. Yote 40. Kitabu kilikuwa hakilali juu ya meza. Ukikibonyeza upande huu kinanyanyuka upande ule. Mteja aliniambia kwa upole kwamba hawezi kuwapa wageni wake vitu vile, na alikuwa na haki. Nilirudisha malipo ya awali yote, na sehemu ya fedha ile ilikuwa imeshakwenda kwenye karatasi na wino. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi 4.

Aliyenifunulia sababu ni mzee mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliyejalidi leja za maofisini maisha yake yote. Nilimchukulia vitabu 3 kati ya vile 40. Nikamwamkia, nikaketi, nikavitoa. Alichukua kimoja akakichana jalada bila kuniomba ruhusa.

"Binti, karatasi ina nyuzi kama ubao," alisema. "Wewe huku umezilaza, huku umezisimamisha. Zitaachaje kupigana?"

Akachukua karatasi ya kawaida, akaikunja kidogo kwa viganja bila kuivunja, upande huu kisha upande ule. Upande mmoja ilikubali, mwingine ilibisha. Hapo ilipokubali ndipo nyuzi zinakofuata mkunjo. Karatasi inapolowa gundi inatanuka kukata nyuzi, ikikauka inarudi, na inaporudi inavuta kadibodi nayo. Kama nyuzi za kadibodi, za karatasi ya nje, za karatasi ya ndani na za kurasa zote zinakwenda sambamba na mgongo wa kitabu, mvuto unakuwa mmoja na kitabu kinatulia. Mimi nilikuwa nakata kwa kuangalia maua yanakaaje vizuri. Tena nilibandika karatasi upande wa nje wa jalada na kuuacha wa ndani kwa wiki nzima, kwa hiyo nje ilikuwa inavuta peke yake, hakuna wa kuishika upande wa pili.

Akanipa na siri nyingine ndogo ambayo imeniokolea fedha nyingi. Karatasi za A4 za rimu tunazonunua dukani kwa kawaida nyuzi zake zinakwenda kwa urefu. Ukiikunja A4 katikati upate kitabu cha A5, nyuzi zinaukata mgongo, kitabu kinakuwa kigumu kufunguka na kurasa zinasimama kama masikio. Nunua A3, ikate katikati iwe A4 mbili, ndipo ukunje. Nyuzi zitakuwa zimelala na mgongo. Karatasi ni zile zile, na tofauti unaiona mara moja unapokifungua kitabu: kinalala chenyewe.

Nilirudi Unguja nimekaa kwenye boti nikiwaza jinsi nilivyofanya kazi kinyumenyume. Nilikuwa nimeanza na kitu cha mwisho. Nikamwendea bibi, nikamwomba anifundishe kushika sindano.

Aliniambia sikuwa nashona, nilikuwa nafunga mzigo.

Kwa wiki 2 hakuniruhusu kugusa karatasi. Alinipa kitambaa cheupe na uzi wa pamba, nikawa napiga bandi, mistari mirefu, anakuja, anaangalia, anafumua. Nilipoanza kuvuta sawasawa akaniambia nilete karatasi zangu tuone.

Kitabu ninachoshona zaidi kina mikunjo 8. Kila mkunjo ni karatasi 4 zilizoingizwa moja ndani ya nyingine, kwa hiyo kurasa 16, na kitabu kizima kurasa 128. Nakunja kwa mfupa uliosuguliwa, naiacha mikunjo usiku mzima chini ya matofali 4 niliyoyafunga magazeti. Natoboa tundu 5 kwenye mgongo wa kila mkunjo, kwa kipande cha kadi nilichotia alama ili tundu zote zilingane, na msharasi wa fundi viatu unaingia kutokea ndani ya mkunjo, umelala kidogo, ili utokee kwenye mkunjo wenyewe na si pembeni yake. Uzi ni wa kitani. Nisipoupata natumia wa pamba mnene. Naupitisha mara 2 kwenye kibonge cha nta ya nyuki. Nta inaufanya usichanike, usijisokote, na ushike pale unapouacha. Urefu wake ni urefu wa mgongo mara idadi ya mikunjo, naongeza migongo 2 zaidi. Kwa kitabu cha sentimita 21 chenye mikunjo 8 nakata sentimita 210.

Mshono wenyewe ni wa mnyororo. Ni mshono mkongwe sana. Wakopti wa Misri walishonea vitabu vyao hivyo katika karne za mwanzo za Ukristo, Wahabeshi wanautumia mpaka leo, na vitabu vya Waislamu navyo vimeshonwa kwa jamaa ya mshono huo huo. Sindano inatoka nje kwenye tundu, inazama nyuma ya mshono wa mkunjo uliotangulia, inauzunguka, inarudi kuingia kwenye tundu ile ile ilimotoka. Ukitazama mgongo ukishamaliza unaona misuko imesimama kama nywele za mtoto zilizosukwa. Hakuna gundi inayohitajika kuushika mwili wa kitabu. Uzi peke yake unatosha, na kitabu kinafunguka mpaka kinalala kabisa.

Bibi hakuwa anajua vitabu, lakini alijua mkono wangu unakosea wapi. Nilikuwa nikimaliza kila tundu nauvuta uzi juu, kuelekea kifuani kwangu, na karatasi inachanika pale. Alinishika kifundo cha mkono akakilaza. "Vuta unakokwenda," akasema. Uzi unavutwa kufuata mgongo, upande ule unaoelekea kushona, wala si kuuelekea mwili wako. Halafu akaniambia nifumbe macho nivute taratibu. Kuna pahali ulegevu unakwisha na uzi unakaa. Unasikia kwenye ncha ya kidole, kama mlango unapogusa fremu. Ukiongeza kidogo tu baada ya hapo karatasi inatoa mlio mdogo mkavu.

"Ikishalia umeshapitiliza. Uzi unashika, haukabi."

Nimeshona mamia ya vitabu tangu siku hiyo, na bado mkunjo wa kwanza na wa pili nashona macho nimefumba.

Kadiri nilivyozama kwenye mshono ndivyo nilivyozidi kutamani kujua waliotutangulia hapa pwani. Maneno yenyewe yanasema kulikuwa na watu. Ukurasa umetoka kwenye neno la Kiarabu la mkunjo wa karatasi, ule ule ninaoushona. Jalada linatokana na ngozi. Kupiga chapa kumetufikia kutoka Bara Hindi. Na chuo, kabla hakijawa mahali pa kusomea, kilikuwa kitabu. Ndiyo maana mtu wa elimu anaitwa mwanachuoni.

Huko kisiwani Pate, karibu na Lamu, mji wa Siyu ulikuwa na wanakili na wajalidi wa misahafu katika karne ya 18 na ya 19. Nimekaa saa nyingi nikizikuza picha za misahafu yao: wino mweusi, mwekundu na manjano, mapambo ya duara pembeni mwa kurasa, karatasi za Italia zilizosafiri mpaka Pate zikiwa na alama ya hilali tatu inayoonekana ukiinyanyua karatasi kwenye mwanga. Vitabu vya mtindo ule huwa na jalada la ngozi lenye ulimi, kipande kinachoendelea kutoka jalada la nyuma, kikazunguka mdomo wa kitabu na kuingia chini ya jalada la mbele. Nami nimeanza kuuweka ulimi huo kwenye daftari zangu. Kwa nchi yenye vumbi na unyevu kama yetu una maana kubwa: mdomo wa kitabu haubaki wazi.

Nilijifunza pia kwao jambo ambalo lingeniokoa mapema. Niliwahi kushona kitabu cha mashairi cha rafiki yangu, nikamaliza, nikamkabidhi, akasoma mpaka beti ya 12 akakuta inafuata ya 29. Nilikuwa nimebadilisha mkunjo wa pili na wa tatu. Wanakili wa zamani walikuwa wanaandika chini ya ukurasa, pembeni kabisa, neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Mjalidi hata kama hasomi kitabu chenyewe anaangalia neno la chini na neno la juu, yakifanana anaendelea. Sasa kwenye kila kitabu chenye maandishi naweka neno hilo kwa herufi ndogo. Wateja wengine huniuliza limewekwa la nini, nami hupenda sana kuwaeleza.

Kuhusu wadudu nitasema kwa ufupi. Mende wanapenda uji wa muhogo kuliko sisi. Kwenye gundi ya kubandikia natia matone machache ya mafuta ya karafuu ikishapoa, na inakaa siku kadhaa bila kuota ukungu. Wajalidi wa nchi nyingine nao hutumia mafuta ya karafuu, na wakayanunua mbali. Sisi tunayapata nyumbani. Juu ya vitabu vya kale vya Kiarabu unaweza kukuta pameandikwa "Ya Kabikaj", maombi ya kuwazuia wadudu wasile kitabu. Nimeyaelewa maombi hayo vizuri kabisa tangu msimu ule nilipokuta kona za majalada 11 zimetafunwa.

Mwaka jana nilitaka kumfanyia bibi kitabu chake. Macho yake yamepungua, kofia hashoni tena isipokuwa kusahihisha za wajukuu. Michoro yake ya viua haijawahi kuandikwa popote. Iko kwenye kofia zenyewe, na nyingi zimeshavaliwa zikachakaa au zimezikwa kabatini kwa watu. Nilizunguka kuziazima, Michenzani, Kikwajuni, mpaka Bububu. Nikapata 23. Kila mchoro niliuchonga kwenye linoliamu, kila kitundu cha kiua kwa ncha ya patasi ndogo kuliko zote nilizonazo, nikaupiga kwa wino mweusi upande wa kulia wa ukurasa, na upande wa kushoto nikaandika jina la mchoro kama anavyoliita mwenyewe. Karatasi za ndani ya jalada nilizipaka uji wa rangi ya udongo, nikazipitisha kitana mara moja tu. Nje hakuna chapa. Ni kitambaa cheupe cha kofia, kitupu.

Nilimletea alasiri moja amekaa barazani. Nilidhani ataanza kukifungua nimsomee majina. Alikigeuza mgongo juu, akapitisha ukucha wa kidole gumba, taratibu, kuanzia mkunjo wa kwanza. Kwenye mkunjo wa tano akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena.

"Hapa ulivuta," akasema.

Niliinamia pale alipoweka ukucha. Sikuona kitu. Nikafungua kitabu katikati ya mkunjo ule, nikakipeleka kwenye mwanga: tundu ya tatu ilikuwa na mpasuko mdogo mno, kama wa nukta. Nikaingia ndani kuchukua mkasi, nta na sindano, nikarudi nikaketi kando yake, nikaanza kufumua.